Mshono wa Upande wa Mlango

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mama yake. Mtaani kila mtu alimwita Nta, kwa sababu hakushona kiti cha gari bila kwanza kuupitisha uzi kwenye bonge la nta alilolining'iniza kwenye cherehani. Uzi uliopakwa nta haunyonyi jasho wala hauozi, na ukiuvuta utakukata kidole kabla haujakatika. Madereva wa malori walilijua hilo. Dereva wa lori hukalia kiti kama mtu aliyekosana nacho: anajitupa, anajisugua, anashuka kwa kujiburuza. Lakini kiti alichoshona Nta kilikwenda na lori lake mpaka kwa wanunua vyuma chakavu, lori limekwisha, mshono mzima.

Kibanda chake kilikuwa kati ya waosha magari na mziba pancha. Ndani mlikuwa na cherehani moja nyeusi ya kukanyaga, marobota ya ngozi bandia, magunia ya sponji na benchi la mteja ambalo, kwa aibu, mwenyewe hakuwahi kulishonea mto. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akisifiwa, hutazama chini na kuanza kutafuta sindano ambayo haijapotea. Shule aliishia ya msingi, na mikutano ya watu wanaojua kusema ilimtoa jasho. Kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba mtu huyu mnyamavu alikuwa na wivu wa kumtosha yeye na wa kugawia jirani.

Wivu wenyewe ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa juu ya mwanyumba wake, mume wa mdogo wa mkewe, naye ni fundi wa viti vilevile. Watu walimwita Taratibu kwa namna alivyozungumza, kama mtu anayechagua maneno sokoni na kuyaminya moja moja. Taratibu aliwahi kufanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni kubwa ya magari, kisha akafungua duka lake kwenye barabara ya juu. Duka lilikuwa na kioo mbele. Lilikuwa na feni. Mteja alikaribishwa chai. Nta alipita hapo siku moja kwa makusudi akijifanya ana safari zake, akaona mwanamke amekaa kwenye sofa anasoma gazeti huku kiti chake kinashonwa, nywele zinapepea kwa ile feni. Alirudi kibandani akalitazama benchi lake, roho ikamuuma.

Nyumbani kwa mama mkwe ndiko alikochomwa zaidi. Kila walipokutana, yule mama hakukosa la kusema.

"Mwenzio kashona basi zima la shule, umesikia? Viti vyote!"

"Nimesikia, mama."

"Na adabu zake! Hata akikohoa anaomba radhi."

Nta aliitikia kwa kichwa. Moyoni alisema, hata mimi nakohoa vizuri tu.

Haya yote aliyameza. Ambalo halikumezeka ni la gari la mkewe.

Mkewe alikuwa muuza mayai. Alianza na baiskeli, akaja na pikipiki ya kukodi, na mwaka ule akanunua gari dogo lililokwishatumika, leupe, la kupelekea trei hotelini. Viti vyake vilikuwa vimechanika hadi sponji linachungulia. Nta aliahidi kuvishona. Aliahidi Jumamosi, akaletewa lori. Akaahidi wiki ya pili, akaletewa malori mawili. Mkewe alisubiri akitandika khanga kwenye kiti, mpaka siku moja sponji likamwachia madoa ya njano kwenye sketi mbele ya meneja wa hoteli. Hakugomba. Jioni ile aliingia uani gari likiwa limevikwa viti vipya, rangi ya kahawa ya maziwa, vyenye utepe wa kahawia ulioshonewa pembeni. Vilipendeza kuliko sebule yao.

"Nani kashona?" Nta aliuliza, na jibu analijua.

"Shemeji. Siku moja tu, kamaliza."

"Mke wa fundi unavalishiwa gari na fundi mwingine?"

"Mke wa fundi alikuwa kwenye foleni nyuma ya malori, baba. Nikaona foleni haisogei."

Usiku ule chakula hakikupita. Mkewe alipocheka akiongea na mdogo wake kwenye simu, Nta alihisi anachekwa yeye. Hata jina la "shemeji" lilivyotoka mdomoni mwa mkewe, lilionekana kumtoka kwa utamu usio wa kawaida. Alijua ni upuuzi. Aliuendeleza.

Jumamosi mchana mkewe alipolala kidogo, Nta alichukua funguo akaenda kuvikagua vile viti. Alikagua kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Alipitisha kidole kila mshono. Msingi wa kiti: umenyooka. Mgongo wa kiti: umenyooka. Pembe: hazina kunyanzi. Kila alipokosa kosa, wivu ulipanda ngazi moja. Alikuwa karibu kukata tamaa alipofika ubavuni mwa kiti cha dereva, upande unaotazama mlango. Hapo kidole chake kilisimama.

Mshono wa hapo ulikuwa dhaifu. Uzi mwembamba, hatua za sindano ndefu, umelegea. Aliusukuma kwa ukucha, ukatoa mlio mdogo kama wa mtu anayelalamika. Alizunguka kwenye kiti cha abiria: vilevile, upande wa mlango. Nta alikaa kwenye kizingiti cha gari akacheka peke yake, kicheko cha kwanza tangu gari lile livikwe nguo.

"Kaishiwa uzi!" alimwambia mkewe alipoamka. "Mwanyumba wangu mwenye feni kaishiwa uzi, kamalizia na wa kushonea leso!"

Mkewe alipiga miayo. "Alisema kitu kuhusu pale. Kwamba pasiguswe. Sikumbuki sababu, kulikuwa na wateja wengi."

"Angesema nini? Paguswe ili paachie?"

"Mwulize basi."

Kumwuliza! Hilo ndilo asingelifanya hata kwa kuvutwa kwa kamba. Alikwenda kuchukua sindano yake ya kupinda, ile inayoshona kiti bila kukivua. Akaufumua ule uzi mwembamba kwa wembe. Ndani ya mshono palikuwa na kilebo kidogo cha kitambaa chenye maandishi ya kiwandani ambayo hakujisumbua kuyasoma, kimechomoza kama ulimi. Kiliharibu mstari, naye hakupenda vilebo, kwa hiyo akakikata akakitupa. Kisha akashona kwa uzi wake, mara mbili, umelishwa nta hadi unang'aa. Alipomaliza alivuta kwa mikono miwili, mguu kaukaza kwenye gari. Hakikusogea kitu. Usiku huo alilala kama mtoto aliyenyonya.

Kesho yake ilikuwa zamu ya kula kwa mama mkwe. Nta alitangulia kwa miguu, mkewe alikuwa na trei za kupeleka hoteli ya njia panda na angewafuata huko. Mama mkwe alikuwapo, na binti yake mdogo, mke wa Taratibu, na Taratibu mwenyewe katika shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Nta alisubiri chakula kipakuliwe. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alikuwa na jambo la kusema, na alitaka wote wawe wamekaa.

"Mwanyumba," alianza, sauti ikimtetema kidogo kwa furaha. "Ile kazi yako ya gari la mke wangu nimekumalizia."

"Ipi, kaka?"

"Mshono wa upande wa mlango. Ulikuwa umelegea. Usione haya, hutokea uzi ukamwishia mtu. Mimi nimeupiga nyuzi mbili za nta. Sasa hata tembo akipanda."

Mama mkwe aligeuka kumtazama Taratibu. Nta aliungojea uso wa mwenzake uanguke. Ulianguka kweli, lakini si kwa aibu. Taratibu aliweka kijiko chini.

"Umeshona upande wa mlango?"

"Pande zote mbili."

"Na gari liko wapi sasa hivi?"

"Liko na mwenyewe. Kapeleka mayai."

Taratibu aliyachagua maneno, na safari hii aliyachagua upesi. "Kaka, mle ndani ya kiti mna mfuko wa hewa."

"Mfuko wa hewa uko kwenye usukani. Kila mtu anajua."

"Huo ni wa usukani. Huu ni mwingine. Sikiliza. Gari likigonga kwa mbele, kuna boneti. Lile bati limetengenezwa lijikunje, likila kishindo kabla hakijakufikia wewe. Nyuma kuna buti, vivyo hivyo. Ubavuni kuna nini? Mlango. Baada ya mlango ni mbavu zako. Hakuna nafasi ya kitu kujikunja. Ndiyo maana wakaukunja mfuko wakauficha kwenye kiti, upande wa mlango. Gari likigongwa ubavuni, mfuko unapasua mshono unatoka, kufumba na kufumbua umekwisha kukaa kati ya mtu na mlango. Mshono ule nimeuacha dhaifu makusudi. Uzi wake huagizwa. Kazi yake ni kukatika."

"Na usipokatika?" aliuliza mama mkwe.

"Mfuko utachelewa, mama, au utatafuta njia nyingine. Na mlango hausubiri."

Nta alitazama mezani. Mama mkwe kaacha kula. Shemeji yake kashika shavu. Wote wamemkodolea macho Taratibu kama wanaosikiliza mawaidha, na yeye, Nta, ambaye kwa dakika moja alikuwa mkubwa wa meza, amesahaulika na nyuzi zake. Wivu ulimpanda tena. Akajiambia, huyu kakamatwa na kosa, anatunga. Mtu anayejua kusema hakosi pa kutokea.

"Hadithi nzuri," alisema. "Uzi wa kukatika! Nimeshona maisha yangu yote, leo ndiyo nasikia mshono unasifiwa kwa kukatika."

Taratibu hakubishana. "Njoo uone," alisema, akatoka nje hadi kwenye gari lake mwenyewe, akafungua mlango. Nta alimfuata kwa hatua za mtu anayekwenda kumwumbua mwongo. Ubavuni mwa kiti cha dereva, upande wa mlango, kulikuwa na mshono uleule mwembamba. Na katikati ya mshono, kama ulimi, kulikuwa na kilebo cha kitambaa.

"Hiki ndicho kinachoeleza," Taratibu alisema. "Kiwanda huweka ili fundi ajue."

Nta alikitambua. Kilebo kama kile kilikuwa kwenye debe la takataka, chini ya maganda ya viazi. Fundi anaweza kutunga hadithi mezani. Hawezi kutunga kilebo kikajishona kwenye gari ambalo hakujua litakaguliwa.

Alitoa simu akampigia mkewe. Iliita mpaka ikachoka. Mkewe hakuwa mtu wa kupokea simu akiendesha. Nta mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, tena kwa ukali.

"Hoteli ipi?" Taratibu aliuliza, keshakaa kwenye usukani.

"Ya njia panda."

Hawakuangaliana. Njia panda ile kila mtu aliijua: malori hushuka kilima yakitokea upande, na taa za barabarani zilikuwa na tabia ya kulala. Anayegongwa pale hagongwi usoni.

Taratibu aliendesha kama alivyozungumza. Alisimama kwenye alama, akapisha mama na mtoto, akapisha mwenye mkokoteni, akampungia mkono.

"Kanyaga basi, mwanyumba!"

"Tukigongwa sisi, nani atamfumulia?"

Nta aliuma meno. Hata katika hali hii alipata nafasi ya kuona kwamba kiti alichokalia kilikuwa laini, mgongo wake umeungwa vizuri pale kiunoni, mahali ambapo yeye hujaza sponji moja kwa moja bila kufikiri. Alikichukia kile kiti. Kisha akamwona mkewe katika mawazo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unashikilia trei isiteleze, na lori linashuka, na ule mshono wake wa tembo umekaza meno, hauachii. Alitamani kwa mara ya kwanza kusikia kwamba kazi yake imeachia.

Walipokaribia njia panda, magari yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Nta alifungua mlango kabla gari halijatulia, akakimbia kwa miguu. Watu walimpisha. Alifika mbele akiwa hana pumzi, akakuta mkokoteni umepinduka na mwenyewe anaokota vitunguu barabarani, na dereva wa teksi anamtukana. Hakuna gari leupe. Alisimama katikati ya vitunguu, mikono magotini. Mtu alimwuliza kama vitunguu vilikuwa vyake.

Gari leupe lilikuwa nyuma ya hoteli, kwenye mlango wa jikoni. Mkewe alikuwa anamkabidhi mpishi trei ya mwisho.

"Kheri?" alisema alipowaona wanaume wawili wanamjia, mmoja amelowa jasho. "Mama kafanya nini?"

"Mama mzima," Nta alisema. Akajipangusa jasho kwa mkono wa shati.

Taratibu alimtazama mwanyumba wake kidogo, kisha akageuka kwa shemeji yake. "Ni mimi, shemeji," alisema kwa upole wake uleule. "Kuna mahali kwenye viti nilikosea. Nimekumbuka tukiwa mezani, nikamwomba kaka anisindikize. Nipe muda mfupi nirekebishe."

"Masikini! Na chakula umeacha?" Mkewe aliguswa hasa. "Mtu na kazi yake! Ungengoja hata kesho."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele ya Nta. Alichotakiwa ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko kushona. Lakini alimwona mkewe anavyomtazama yule mtu. Jicho lile la huruma na heshima, alilotafuta yeye tangu siku ya malori, linamwagwa bure kwa Taratibu kwa sababu ya kosa ambalo hata halikuwa lake. Fundi mzuri, msemaji mzuri, sasa na mkosaji mzuri pia! Nta hakuvumilia. Kama kuna kitu kimoja katika mambo haya yote kilichokuwa chake kweli, ni hilo kosa.

"Mwongo!" alipaza sauti, mpishi akageuka. "Kosa langu! Mimi ndiye niliyefumua, mimi niliyeshona. Yeye alishona sawa."

Mkewe aliangalia mmoja, akaangalia mwingine. "Mnagombania kukosea?"

Basi Nta akaeleza. Alieleza vibaya, akirukaruka, mara boneti, mara mbavu, mara kilebo kwenye maganda ya viazi. Taratibu hakumsaidia hata neno, na kwa hilo Nta alimshukuru na kumchukia kwa pamoja. Alipofika kwenye njia panda na lori, aligeuka akaonyesha kiti kwa kidole.

Mkewe akaenda kwenye kiti, akavuta mshono wa nta kwa vidole viwili, akauona ulivyokaza.

"Nilikwambia alisema pasiguswe."

"Uliniambia."

"Nikakwambia umwulize."

"Uliniambia."

"Na ulishindwa kumwuliza kwa nini?"

Nta alitazama chini. Hapakuwa na sindano ya kutafuta. "Kwa sababu gari lako lilivaa viti vyake," alisema.

Mpishi alikumbuka ana kitu jikoni. "Mwanamume mzima," mkewe alisema, lakini alisema polepole. "Haya. Fumua. Mayai ya kesho hayatajipeleka."

Taratibu alikuwa na kibweta chake kwenye buti, na ndani yake kidonge cha ule uzi mwembamba. Alichukua sindano akitaka kuanza. Nta alinyoosha mkono.

"Lete. Niliyeharibu ni mimi."

"Najua utashona, kaka. Naogopa utashona vizuri."

Na kweli. Mkono wa Nta ulikuwa umezoea kukaza kwa miaka yote ile. Kila hatua ulijivuta wenyewe. "Legeza," Taratibu alisema. Akalegeza. "Hapo umeirudia mara mbili, toa." Akatoa. "Kaka, unaupaka mate." Alikuwa anaupaka mate kweli, bila kujua, kwa kukosa nta. Ilikuwa kama kumfundisha mtu kupiga chafya kimya. Alipomaliza kiti cha dereva alishika mshono kwa mazoea akauvuta kuujaribu, ukakatika wote kwa mlio mmoja. Mkewe aliangua kicheko hadi akashika mlango wa gari. Nta akaanza upya, na safari hii mkewe alimshikia taa ya simu, na aliposogea kumwonyeshea, bega lake lilikaa kwenye bega la Nta na halikuondoka.

Jioni gari leupe liliondoka likielekea kwa mama mkwe. Pale njia panda lilisimama, likasubiri lori lipite, likavuka. Nta alilisindikiza kwa macho kutoka kwenye kile kiti laini cha gari la mwanyumba wake, mpaka likapotea nyuma ya jengo.

"Mstari wako umenyooka kuliko wangu," Taratibu alisema, akiwasha gari. "Hata kwa uzi ule. Mimi pale huwa napinda kidogo."

Nta alifurahi hadi masikio yakapata moto. Kisha ikamjia kwamba furaha hiyo kapewa na nani, akanuna njia nzima, akitafuta kwa pembe ya jicho, kwenye mshono wa kiti alichokalia, upande wa mlango, mahali ulipopinda.